Muulize Shangazi: Giza saa kumi na nusu, mtu aende wapi?

Barua za mwezi huu zimenijia kama zimebeba theluji ndani ya bahasha. Tatu zimetoka hapa hapa Minneapolis, moja kwa jirani zetu wa St. Paul, na ya mwisho imetoka Makete, nayo imenitolea maneno. Kwa wasionijua: mimi ni mtu wa Tanga, Ngamiani, na Minnesota nimekaa miaka 22. Wengine huhesabu miaka, mimi nahesabu makoti. Hili la sasa ni la nne. Kazi yangu ni kuhudumia wazee, zamu ya usiku, kwa hiyo majibu haya nayaandika asubuhi nikitoka kazini, chai ya tangawizi mkononi na miguu kwenye beseni la maji moto.

*Shikamoo Shangazi. Natokea Dodoma, nimefika Minneapolis mwezi wa kumi kusoma. Tangu Desemba ianze naenda darasani na kurudi, basi. Saa kumi na nusu giza limeshatanda. Wikiendi naamka saa sita mchana, nashika simu mpaka nilale tena. Wenzangu wanasema nitazoea. Nitazoeaje? Na watu wa huku wanakwenda wapi, maana barabarani sioni mtu. — Kijana wa Dodoma*

Marahaba, mwanangu. Wenzako wanakudanganya, hutazoea. Mimi mwenyewe kila Novemba upepo wa kwanza ukinipiga usoni hunitoka neno ambalo marehemu mama asingependa kulisikia. Ila miaka inampa mtu ujanja, na ujanja wa kwanza ni kuwahi jua.

Tarehe 21 Desemba jua la hapa huchomoza saa mbili kasoro dakika kumi na kitu asubuhi, na huzama saa kumi na nusu jioni ikipita kidogo. Mchana wote ni saa 8 na dakika 46. Wewe umekulia Dodoma, jua halijawahi kukuchelewesha. Ukiamka saa sita umeshaitupa nusu ya siku, halafu unajiuliza kwa nini moyo mzito.

Nasema haya kwa sababu yalinikuta. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa natoka kazini saa moja asubuhi, nalala, naamka saa kumi na moja jioni. Tangu Novemba mpaka Februari jua nililisikia kwenye redio tu. Ikafika mahali nikawa nalia ndani ya basi namba 5, na hakuna aliyeniudhi. Nikampigia dada yangu Tanga, nikamwambia mwenzio nimerogwa, nenda Pangani kanitafutie mtu. Dada akanyamaza kidogo, akauliza, “Jua umeliona lini mara ya mwisho?” Nikakosa jibu.

Daktari akanipima damu, vitamini D ikaonekana iko chini kabisa, nikapewa vidonge. Vilisaidia. Kilichosaidia zaidi ni kubadili saa za kulala: nikawa nalala saa mbili asubuhi, naamka saa saba mchana, navaa, natoka kuzunguka mtaa dakika ishirini. Hata siku ya mawingu, theluji yenyewe inarudisha mwanga. Basi na wewe uwe nje kabla ya saa tisa alasiri, kila siku, ukitaka ukae dakika kumi tu. Na usisubiri mpaka ulie ndani ya basi. Chuo chako kina kliniki. Nenda uwaeleze hizo wikiendi unazolala. Huku ni jambo wanalolijua sana, hakuna atakayekucheka.

Sasa, watu wako wapi? Wengi wako juu ya kichwa chako. Ukifika katikati ya mji inua macho: kati ya jengo na jengo, ghorofa ya kwanza, kuna madaraja yaliyozibwa kwa vioo. Hizo ndizo skaiwei. Ya kwanza ilijengwa 1962, na leo mtandao wake unakaribia kilomita 15. Ndani utakuta vinyozi, mabenki, migahawa, mpaka madaktari wa meno. Mtu anaegesha gari, anafanya kazi, anakula, analipa bili zake, anarudi kwenye gari bila kuvaa koti. Mimi nikiwa na shughuli mjini hupenda kusimama kwenye mojawapo saa sita mchana, natazama magari ya chini yanavyoteleza. Ubaya wake mmoja, utapotea kama mtu aliyeingia Kariakoo mara ya kwanza. Wa pili, milango hufungwa jioni. Usije ukajikuta upande usio wako na koti umeliacha ng'ambo.

Waliobaki wako ziwani. Ndiyo, juu ya ziwa. Sisi wa Tanga tunajua maji ni ya kuoga au ya kuvulia, lakini Januari nenda Lake of the Isles au Bde Maka Ska, utakuta watu wanatembeza mbwa pale ambapo Julai walikuwa wanapiga makasia. Mwaka wangu wa sita mfanyakazi mwenzangu alinipeleka kuvua. Akatoboa barafu kwa kekee kubwa kama ya fundi visima, akanikalisha juu ya ndoo iliyopinduliwa, akanipa kifimbo kifupi kama cha mtoto. Nikasema moyoni, babu yangu aliyevua kwa ngalawa akiniona hapa ataomba radhi kwa niaba ya ukoo. Nilipata samaki watatu wa kiganja kimoja, wenyewe wanawaita bluegill, wamekaa kama changu mdogo. Nikawakaanga kwao, kwa ndimu na pilipili. Yule mwenzangu miaka yote alikuwa anawala kwa unga na chumvi tu. Sasa kila mwaka ananifuata mwenyewe.

Ila nisikilize vizuri hapa. Barafu mpya iliyo ngumu inatakiwa unene wa inchi 4, yaani sentimita 10, ndiyo umkanyagishe mtu. Na ziwa moja halina unene mmoja: karibu na daraja au panapoingia mkondo huwa nyembamba hata Februari. Usitangulie wewe. Mfuate mwenyeji aliyepima. Na ukitaka kuvua, aliyetimiza miaka 16 lazima awe na leseni.

Kwa umri wako mimi ningekupeleka kwanza kuteleza. Bustani nyingi za mji humwagiwa maji yakaganda yakawa uwanja, pembeni kuna chumba chenye joto, na baadhi yake wanaazimisha viatu vya kutelezea. Pale Powderhorn Park kuna mteremko ambao watoto wanashuka juu ya sahani za plastiki, na watu wazima wenye ndevu wanapanga foleni nyuma yao. Utaanguka. Usione haya. Watu wa Minnesota hawana desturi ya kumsemesha mgeni, lakini aliyeanguka humsemesha, humwinua na kumuuliza kwao ni wapi. Nusu ya marafiki zangu wa hapa niliwapata nikiwa chini.

Mavazi sitayasema sana, umeshaambiwa: nguo nyembamba ya kubana mwili ndani, sweta katikati, koti la kuzuia upepo juu, na buti lenye nafasi, kwa sababu buti la kubana huzuia damu na vidole vikapoa upesi. Pamba usiiweke kwenye ngozi, ikinyonya jasho inakugandia mgongoni. Mzee mmoja niliyekuwa namhudumia, mkulima mstaafu, alinifundisha kusikiliza theluji kabla ya kutazama simu. Ikiwa kimya chini ya kiatu, baridi ni ya kawaida. Ikianza kulia kwi, kwi, imeshashuka kama nyuzi 10 chini ya sifuri. Ikilia kwa hasira, rudi ukaongeze soksi. Tarehe 30 Januari 2019, kipimo kiliposhuka hadi nyuzi 33 chini ya sifuri, ilikuwa inapiga kelele kama mlango usio na mafuta. Siku kama hiyo ngozi iliyo wazi huganda kwa dakika chache tu, kwa hiyo zile dakika ishirini zangu nakusamehe.

*Asalaam alaikum Shangazi. Mama yangu ana miaka 68, anakuja kutoka Mombasa mwezi wa kwanza kumwona mjukuu, visa ndivyo ilivyotoka. Naogopa atakaa ndani miezi miwili akinilaumu. Nimpeleke wapi? — Binti wa Kisauni, St. Paul*

Waalaikumu salaam, bibie. Kabla ya kumtoa, tengeneza nyumba. Hewa ya hita inakausha kila kitu: pua itamtoka damu, midomo itapasuka, na atapigwa shoti. Mama yangu alipokuja 2011, siku ya pili akashika kitasa cha mlango, cheche ikamruka. Akasoma Ayatul Kursi na chumba kile hakuingia tena mpaka Ijumaa. Nilimweleza kwamba ni umeme wa zulia na soksi kwa sababu ya ukavu, akaniambia, “Sawa, wewe kaa na zulia lako.” Mwekee sufuria ya maji karibu na hita, au nunua mashine ya mvuke, na mafuta apake angali na unyevu wa kuoga. Tena, mafuta ya nazi atakayokuja nayo yataganda kabatini yawe kama samli. Asiyatupe akidhani ameuziwa mabovu. Chini ya nyuzi 24 ndivyo yalivyo.

Halafu mpeleke bustani ya Como. Wewe uko St. Paul, huna kisingizio. Ile nyumba ya vioo, Marjorie McNeely Conservatory, ilifunguliwa 1915, na majira haya iko wazi saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni. Kuingia ni bure, kuna kisanduku cha mchango mlangoni, tia dola mbili tatu. Akivuka tu mlango miwani itaingia ukungu. Mwache asimame hapo hapo, asikie harufu ya udongo uliolowa. Ndani kuna mitende na mimea ya kwetu ya joto. Yule wangu alifika kwenye mgomba, akauzunguka, akaanza kumwelekeza mtunza bustani kwa Kiswahili kwamba machipukizi yamezidi, yapunguzwe. Kijana wa watu anaitikia kwa kichwa tu. Tulirudi pale mara saba.

Siku ya pili mvushe mto mje Karmel Mall, karibu na Lake Street. Ni soko la Wasomali: mabuibui, ubani, vitambaa, dhahabu, sambusa za moto na chai ya maziwa iliyojaa iliki. Kiingereza kisimsumbue. Wenye maduka wengi walipitia Kenya kabla ya kufika huku, na atajibiwa Kiswahili cha Eastleigh, pengine cha Mombasa kabisa. Mwache kwenye kiti cha duka la vitambaa ufanye mambo yako, ukirudi baada ya saa tatu utakuta ameshajua nani ameoa wapi na nani anatafuta mchumba. Hicho ndicho anachokikosa akikaa kwako, bibie, kuliko hilo joto.

Magoti yakiruhusu, asubuhi mpeleke Mall of America, Bloomington, treni ya Blue Line inafika mpaka mlangoni. Wastaafu huenda kutembea humo kabla maduka hayajachangamka, raundi kwa raundi, na raba zao nyeupe. Lile jengo la tangu 1992 halina hita kuu kwenye kumbi zake. Linapata joto kwa jua la paa la vioo, taa, na miili ya watu. Nilipomwambia mama, akasema kumbe ni kama chumba cha kitchen party. Koti mnunulie hapo hapo: Minnesota nguo hazitozwi kodi ya mauzo.

Akiwa na deni la Ramadhani, huu ndio wakati wake. Januari mwanzoni kufunga ni kama saa kumi na nusu tu, alfajiri mpaka magharibi. Wamama wa msikitini kwetu huita msimu wa punguzo.

Na mwisho wa Januari mji wenu wa St. Paul una sherehe yake ya baridi, Winter Carnival. Ilianza 1886 kwa hasira. Mwaka mmoja kabla yake mwandishi wa New York aliandika kwamba St. Paul ni Siberia nyingine, hapafai kukaliwa na binadamu. Wenyewe wakamjibu kwa kujenga kasri la barafu. Mpaka leo wanachonga sanamu za barafu, na gazeti la hapo huficha medali katika bustani fulani na kutoa mafumbo, basi utaona watu wazima wenye kazi zao wanafukua theluji kwa mabeleshi usiku wa manane. Mama atapata la kusimulia Kisauni.

*Shangazi, nimeamka gari halipo. Nikapiga polisi, kumbe limevutwa. Nilikuwa nimeegesha pale pale pa kila siku! Eleza hii dharura ya theluji. — Dereva mwenye hasira, Minneapolis*

Pole, kaka. Yalinifika 2006, na ndani ya gari kulikuwa na sufuria la pilau la harusi ya watu. Nilipolikomboa kesho yake pilau lilikuwa jiwe, na kosa lilikuwa langu, maana tangazo nililisikia nikasema litawahusu wenye barabara kubwa.

Ikianguka theluji nyingi mji unatangaza dharura ya siku tatu ili barabara zisafishwe, na gari linalozuia kazi huvutwa. Siku ya kwanza, saa tatu usiku mpaka saa mbili asubuhi, usiegeshe upande wowote wa barabara zilizowekewa alama za dharura. Siku ya pili, saa mbili asubuhi mpaka saa mbili usiku, hamia mitaa midogo, lakini acha wazi upande wa nyumba zenye namba shufwa. Zile barabara za pembezoni mwa bustani na maziwa ziache pande zote mbili. Siku ya tatu, saa zile zile, unaacha wazi upande wa witiri. Mtaa ukishasafishwa mpaka ukingoni unaruhusiwa kurudi. Wewe nadhani ulilala siku ya pili upande wa shufwa. Ndiko wengi wanakokamatiwa, kwa sababu siku ya kwanza kila mtu ana tahadhari na ya pili amesahau. Jiandikishe upate ujumbe wa simu wakitangaza.

Ukiwa nje na beleshi, kumbuka njia ya miguu mbele ya nyumba ni yako: una saa 24 tangu theluji ikome kuanguka. Jirani akiwa mzee, msafishie na ya kwake. Mimi nilianza hivyo na bibi wa nyumba ya kushoto, na tangu hapo kila dharura ikitangazwa ananigongea dirisha. Gari halijavutwa tena.

*Shangazi, buibui na theluji vinapatanaje? — Umm Fulani*

Vinapatana ukilipandisha. Pindo likiburuza linanyonya chumvi ya barabarani na kuacha mistari myeupe. Siki kidogo kwenye maji inaitoa. Likunje inchi tatu, vaa suruali ya sufu ndani, na koti lifike magotini. Skafu isikae juu ya mdomo muda mrefu, pumzi inaigandisha ikawa kama bati. Mimi huongeza kanga moja kifuani chini ya koti. Haijaandikwa kwenye kitabu chochote cha baridi, lakini jaribu.

*Shangazi, mnajisifu mno. Sisi Makete mwezi wa saba tunaamka majani meupe kwa sakitu, hita hatuna, tuna jiko la mkaa na blanketi. Mnalia nini? — Mkinga asiyetetemeka*

Umenishika, ndugu yangu. Nitakwambia siri ambayo wenzangu wa huku hawatapenda: usiku wa baridi kuliko zote nilizolala haukuwa wa Minneapolis. Ulikuwa Njombe, Julai 1999, nimekwenda harusini na kigauni cha Tanga. Huku nje ni kubaya, lakini nyumba ina joto, nalala na fulana. Kule kwenu mtu akiingia ndani baridi inamfuata, inakaa naye mezani, inapanda naye kitandani. Ningekuwa na kombe la kutoa, ningewapa nyie.

Ila hilo jiko la mkaa linanitia wasiwasi. Lisilale nanyi chumbani, hata dirisha likiwa wazi kidogo. Hewa yake ya sumu haina harufu, mtu hasikii chochote, analala tu moja kwa moja. Huku wanaondoka hivyo hivyo kwa kuwasha gari ndani ya gereji iliyofungwa. Jiko litoke nje kabla hamjalala, hata likiwa bado na moto mzuri.

Na ukiniandikia tena, niambie kama wale wauza sweta za mitumba pale stendi ya Njombe bado wapo. Asubuhi ile ya harusi nilinunua moja, ya kijani, kifungo kimoja hakipo. Ndiyo ninayovaa mpaka leo chini ya koti la nne.